Brauza Imekuwa Nzito Baada ya Apdeti? Kabla Hujapiga Windo Upya, Pitia Hapa Kwanza

Habari zenu wadau. Mi nipo Kigoma mjini, pale Mwanga, nafanya kazi steshenari, tuna kompyuta sita na rota moja, na wateja wetu wengi ni madogo waliomaliza form six wanaojaza maombi ya chuo na mkopo, wafanyabiashara wa dagaa kutoka Kibirizi wanaofuatilia mambo ya TIN, na walimu wanaokuja kuchapa mitihani. Naandika hii kwa sababu kuna jambo linaniuma. Kila brauza zikijiapdeti lazima aje mtu na laptopu anasema imekuwa nzito, na kabla hajafika kwangu ameshapita kwa mtu aliyemwambia dawa ni kupiga windo upya, yaani kufuta Windows na kuiweka tena, hela imeshatoka, mafaili yameshapotea, na uzito uko palepale kwa sababu tatizo halikuwa kwenye windo hata kidogo.

Na kwangu imetokea pia. Asubuhi moja nimefungua duka, kompyuta ya tatu brauza yake imejiapdeti, amekaa dada mmoja anajaza fomu na siku za mwisho za maombi zimekaribia, akanigeukia akasema, "Kaka, mbona hiki kiduara kinazunguka tu? Nimebonyeza tangu saa ile." Nikasogea kuangalia. Anaandika jina la baba yake, vidole vimeshamaliza jina zima, halafu kwenye skrini herufi zinatokea moja moja, kama mtu anayehesabu punje za mahindi. Ile ya pembeni yake, namba mbili, inafungua ukurasa uleule fasta tu. Nikamhamishia namba mbili akamaliza fomu yake, mi nikabaki na ile mgonjwa, na hatua nilizopitia siku ile ndio hizi hapa chini, nimeongezea na zile nilizojifunza kwa laptopu za watu wengine.

Kitu kimoja cha kushika kabla hatujaanza. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja halafu jaribu. Ukifuta kashe, yaani vipande vya tovuti ambavyo brauza imevihifadhi, ukazima ekstensheni zote, yaani vile viprogramu vya nyongeza ulivyoviweka ndani ya brauza, ukagusa na setingi za grafiki kwa mkupuo, hata ikipona hutajua ilikuwa inaumwa nini, na mwezi ujao itarudi uanze upya.

Na ujanja mwingine ambao umeniokoa sana, menyu za brauza zinahamahama kila toleo na lugha zinatofautiana, mmoja yake ya Kiswahili mwingine ya Kiingereza, kwa hiyo mi situmii menyu, naandika adresi moja kwa moja pale juu unapoandikaga jina la tovuti. Kwenye Chrome zinaanza na chrome:// na kwenye Firefox zinaanza na about: basi. Wa Edge na Brave mara nyingi unabadilisha tu neno la mwanzo, linakuwa edge:// au brave://, kinachobaki ni kilekile.

Kwanza linda vitu vyako

Hii dakika tano usiiruke. Kwenye Chrome andika chrome://bookmarks, bonyeza vile vidoti vitatu vya ndani ya ukurasa, chagua kuhamisha alamisho, yaani kurasa ulizozihifadhi, utapata faili moja, liweke kwenye flashi. Kama umehifadhi pasiwedi humo, ingia chrome://password-manager/settings uzihamishe nazo, ila faili hilo la pasiwedi linasomeka na mtu yeyote akilifungua, kwa hiyo usiliache kwenye desktopu ya kompyuta ya ofisi, na ukishamaliza kazi lifute mpaka kwenye kapu la taka. Nimeona mzee mmoja amepoteza njia ya kuingia kwenye barua pepe aliyoitumia kwenye kila kitu chake, sababu mtu alifuta brauza bila kumuuliza. Ilimchukua wiki nyingi kurudi sawa.

Ni mtandao au ni brauza?

Wengi wanakosea hapa. Apdeti imekuja Jumapili, mtandao umesumbua Jumatatu, basi mtu anaunganisha hayo mawili. Fungua ukurasa uleule kwa kifaa kingine kilichoshika rota ileile au hotspoti ileile. Kikienda vizuri huko, mtandao hauna kosa. Kikisumbua kote kote, funga hii makala ukashughulike na mtandao.

Kama huna kifaa kingine, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, enta, halafu andika ping 8.8.8.8 na enta. Itakuletea mistari minne, angalia namba iliyo na ms, yaani milisekunde za kusubiri jibu, kwenye kila mstari. Sisi hapa namba ikitulia chini ya 150 sihangaiki, lakini ikiruka mara 90 mara 800 mara mstari mmoja hauna majibu kabisa, huo ni mtandao, brauza unaisingizia bure.

Halafu kuna lile la Windows yenyewe. Mara nyingi apdeti ya brauza inakuja wakati mmoja na apdeti za Windows, na hizo zinashuka kimyakimya zinakula bando na kasi yote. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, itafunguka orodha ya programu zinazofanya kazi, ipange kwa safu ya mtandao uone nani yuko juu. Kama unatumia hotspoti ya simu, ingia setingi za Wi-Fi yako kwenye Windows uiwashe iwe ni mtandao unaopimwa (metered), Windows itaacha kushusha sehemu kubwa ya apdeti bila ruhusa yako. Kwa watu wa bando hii peke yake inaweza kumaliza kesi.

Zima uwashe, lakini kwa kuristati

Tangu Windows 8, ukibonyeza kuzima kawaida kompyuta nyingi hazizimi kabisa, zinahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho ziwake haraka. Kwa hiyo mtu anakwambia "nimezima nikawasha mara tatu" na ni kweli, lakini yale mambo yaliyokwama yamerudi nayo mara zote tatu. Chagua kuristati. Baada ya hapo iache dakika kumi bila kufungua kitu, kwa sababu baada ya apdeti antivairasi inaweza kuwa inakagua mafaili mapya, na brauza nayo ikishafunguliwa inatengeneza upya baadhi ya vitu vyake vya ndani ilivyokuwa imehifadhi kwa toleo la zamani. Uzito wa nusu saa ya kwanza sio ugonjwa. Ukifika siku ya pili, huo sasa ni ugonjwa.

Hakikisha ilikuwa apdeti kweli

Naomba hapa unisikilize vizuri. Kuna kijana alikuja na laptopu kutoka Ujiji, anasema brauza imeniambia imepitwa na wakati nikabonyeza ikajiapdeti, tangu siku hiyo kila akifungua ukurasa kunachomoza matangazo ya kamari. Hiyo haikuwa apdeti. Ulikuwa ni ukurasa wa kudownlodi muvi uliovaa sura ya apdeti. Chrome na Firefox zinajiapdeti zenyewe kwa ndani, kila baada ya wiki chache linatoka toleo kubwa jipya, na hakuna tovuti ya muvi au ya mpira itakayokuletea faili la apdeti. Kuangalia toleo la kweli andika chrome://settings/help, kwenye Firefox nenda sehemu ya msaada halafu kuhusu Firefox.

Ukihisi ulibonyeza ile ya uongo, ingia chrome://extensions utoe kila usichokijua, halafu chrome://settings/content/notifications utoe ruhusa za tovuti zote za ajabu ajabu zinazokutumia arifa, halafu kwenye orodha ya programu za Windows panga kwa tarehe uangalie kilichoingia siku ile, kisha skani kompyuta nzima na ile Defender inayokuja na Windows, inatosha.

Nani anakula?

Sasa rudi kwenye kompyuta ya tatu. Kwenye Chrome bonyeza Shift+Esc, inakuja orodha yake ya ndani, tofauti na ile ya Windows. Kwenye Firefox andika about:processes. Utaona kila kichupo, yaani kila ukurasa uliofunguliwa, kila ekstensheni, na mbele yake kumbukumbu inayotumia pamoja na CPU, ule ubongo wa kompyuta. Bonyeza kichwa cha safu ya CPU ili wakubwa wapande juu, halafu usiguse kitu sekunde thelathini uangalie tu.

Siku ile mi nilikuta vichupo vyote vimelala, CPU sifuri, moja, mbili, halafu juu kabisa kuna ekstensheni moja ya kubadilisha PDF niliyoiweka zamani hata nimeisahau, inacheza kwenye 90 na kitu wala haishuki. Hakuna mtu aliyekuwa anabadilisha PDF muda ule. Nikaichagua nikabonyeza kitufe cha kumaliza, na papo hapo herufi zikaanza kutoka kwa kasi ya vidole.

Ekstensheni ndio mtuhumiwa wa kwanza

Kwa niliyoyaona, ekstensheni ndio zinaongoza, na sababu yake inaeleweka. Brauza imeandikwa na watu wengine, ekstensheni imeandikwa na mtu mwingine, labda mmoja tu, labda ameshaacha kuihudumia. Brauza ikibadilisha namna inavyofanya kazi ndani, ile ekstensheni inabaki inagonga mlango uliohamishwa, inajaribu tena na tena, na huo ndio uzito wenyewe.

Kipimo rahisi ni dirisha fiche. Ctrl+Shift+N kwa Chrome na Edge, Ctrl+Shift+P kwa Firefox. Humo kwa kawaida ekstensheni hazifanyi kazi mpaka uwe umeziruhusu mwenyewe. Fungua tovuti ileile iliyokuwa inasumbua. Ikienda vizuri, umeshapunguza uwanja, ni ekstensheni au ni data iliyohifadhiwa. Firefox ina kitu kizuri zaidi, about:support, kuna kitufe cha kuianzisha kwenye hali ya utatuzi, inazima ekstensheni zote na mambo ya grafiki kwa muda bila kufuta chochote.

Ukishajua ni ekstensheni, ingia chrome://extensions au about:addons, zima zote. Usifute, zima tu. Washa nusu, tumia dakika tano. Ikiwa nzito, mbaya yumo kwenye hiyo nusu, ikiwa nyepesi yumo kwenye nusu nyingine. Endelea kugawa nusu kwa nusu, kwa ekstensheni nane unampata kwa raundi tatu tu, badala ya kuzijaribu moja moja mpaka jua linazama ziwani.

Sasa kuna upande wa pili ambao watu hawaufikirii, kwamba uzito unaweza kuja kwa sababu ekstensheni imeondoka. Kuanzia 2024 Chrome ilianza kuzima ekstensheni za mfumo wa zamani unaoitwa Manifest V2, na uBlock Origin ya kuzuia matangazo ilikuwa mojawapo, 2025 zikazimwa moja kwa moja. Mtu anaapdeti, kizuia matangazo kinazimwa, na kurasa alizokuwa anazisoma bila matangazo zinaanza kushusha video na picha zote zilizokuwa zinazuiwa. Anaona brauza nzito, na bando linaisha mapema. Fungua chrome://extensions uone kama kuna iliyozimwa na maelezo kwamba haitumiki tena. Mbadala kwenye Chrome ni uBlock Origin Lite, inapatikana kwenye duka lao la ekstensheni, au uhamie Firefox ambako ile ya zamani bado inafanya kazi. Kwa mtu anayenunua bando la siku, mi namwambia hii ndio iwe ya kwanza kuangaliwa.

Kurasa zinafunguka ila kuskroo kunakwama

Huu ni ugonjwa mwingine kabisa. Ukurasa umeshafika, maandishi yote yapo, lakini ukishuka chini unaruka kwa vipande, video inakatakata sauti ikiwa sawa, au skrini inapiga weusi kidogo. Hapo angalia grafiki. Brauza inajaribu kuitumia kadi ya picha ili isiibebeshe CPU mzigo, na kwa hizi laptopu zetu za mtumba zenye grafiki za Intel za miaka ya nyuma, toleo jipya la brauza linaweza lisielewane na draiva ya zamani, ile programu inayoiendesha kadi ya picha.

Andika chrome://gpu, pale juu kuna orodha yenye rangi. Ukiona mistari mingi inasema kazi inafanywa na programu tu, ujue CPU ndio imebebeshwa kila kitu. Ingia chrome://settings/system, kuna swichi ya kuongeza kasi kwa grafiki, ibadilishe, kama imewashwa izime, kama imezimwa iwashe, bonyeza kuanzisha upya ujaribu. Usikariri kwamba lazima izimwe. Nimeshaona laptopu mbili za kampuni moja, modeli moja, hii imepona kwa kuzima na ile kwa kuwasha. Kwenye Firefox ni about:preferences, shuka mpaka sehemu ya utendaji, toa tiki ya setingi zinazopendekezwa ndipo swichi yenyewe itokee.

Kuzima ni tiba ya muda. Tiba kamili ni draiva mpya, na hiyo ichukue kwenye Windows Update au tovuti ya aliyetengeneza laptopu yako. Zile programu za kutafuta draiva zenyewe zinazotangazwa sana, ziache, zinakuja na mizigo yake.

Kashe, kwa kiasi

Kila mtu anashauri kufuta kashe utadhani ni panadoli. Inasaidia pale tovuti moja au mbili zinapoonekana zimevurugika baada ya apdeti, vitufe haviitikii, mpangilio umepinda. Ctrl+Shift+Delete, weka tiki kwenye picha na mafaili ya kashe tu. Usiguse kuki, yale mafaili madogo yanayokumbuka kwamba umeshaingia kwenye akaunti, kama hukumbuki pasiwedi zako, zitakutoa kwenye akaunti zote. Na ujue ukifuta kashe, kurasa zote zitashuka upya kuanzia mwanzo, kwa hiyo siku ile brauza itakuwa nzito zaidi na itakula bando zaidi. Mtu anayefuta kashe kila asubuhi kwa imani ya kuongeza kasi anajipunguzia mwenyewe.

Profaili mpya

Kama ekstensheni zimezimwa, grafiki umejaribu, bado, basi tengeneza profaili mpya, yaani sehemu tupu ndani ya brauza yenye setingi zake yenyewe. Chrome unabonyeza ile picha ya duara juu kulia, unaongeza profaili nyingine. Firefox ni about:profiles. Tumia hiyo profaili tupu nusu saa. Ikiwa nyepesi, profaili ya zamani imeharibika ndani, ingiza alamisho zako zile za kwenye flashi uhamie huku. Ikiwa nzito vilevile, brauza umeshaisafisha kadri inavyowezekana, tatizo liko chini yake.

Chini ya brauza

Ctrl+Shift+Esc, nenda sehemu ya utendaji. Angalia kumbukumbu na diski. Laptopu ya RAM 4GB, Windows yenyewe inachukua karibu nusu au zaidi, brauza za kisasa zinatenganisha kurasa kwa usalama na kila mmoja unakula sehemu yake, ukifungua vichupo kumi na tano RAM inaisha na Windows inaanza kuazima nafasi kwenye diski. Kama diski ni ile ya zamani inayozunguka, utaona imesimama 100% muda wote na unasikia inakwaruza. Hapo apdeti imesogeza tu kidogo kitu kilichokuwa ukingoni. Washa kiokoa kumbukumbu kwenye chrome://settings/performance, na kwenye chrome://settings/system zima ile ya kuendelea kufanya kazi hata ukishaifunga. Angalia na diski C isiwe imejaa, acha gigabaiti kumi angalau. Ukipata hela, badilisha diski iwe SSD, ile isiyozunguka, kabla ya kuwaza kununua laptopu nyingine, tofauti yake utaiona siku hiyohiyo.

Na wa Windows 7 na 8, Chrome ya mwisho kwenu ni toleo la 109, tangu Februari 2023 linalofuata linataka Windows 10. Uzito mnaouona sio wa apdeti, ni tovuti zimesonga mbele na brauza imebaki. Firefox 115 ESR, toleo la msaada wa muda mrefu, ndio mstari wa mwisho uliowafikiria. Windows 10 nayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Ukiona pale chini kushoto brauza inakaa muda mrefu ikitafuta tovuti kabla ukurasa haujaanza hata kushuka, ingia chrome://settings/security, zima DNS salama (DNS ndiyo inayotafuta namba ya tovuti kwa jina lake) ujaribu, au ibadilishe mtoa huduma. Mara chache, ila ipo.

Ikishindikana kabisa

Riseti. Chrome ni chrome://settings/reset, alamisho, historia na pasiwedi vinabaki, ekstensheni zinazimwa. Firefox ni about:support, kitufe cha kuonyesha upya, nayo inaacha folda ya data zako za zamani kwenye desktopu. Ndipo baada ya hapo uifute brauza na kuiweka upya kutoka tovuti yake rasmi.

Kurudi toleo la zamani sikushauri. Apdeti nyingi zinaziba matundu ya usalama ambayo wezi wameshayajua, na sisi humo humo ndio tunaingia benki. Halafu Firefox inaweza kukataa kufungua profaili iliyokwisha kutumiwa na toleo jipya, na yale mafaili ya matoleo ya zamani yaliyosambaa mitandaoni hujui nani ameyashika kabla yako.

Wa simu, yenu ni fupi. Angalia nafasi iliyobaki kwanza, simu iliyojaa haiponi kwa kitu kingine. Shikilia ikoni ya Chrome, ingia maelezo ya programu, futa kashe, sio data. Halafu Play Store uone kama kuna apdeti nyingine juu ya ile, maana hitilafu ikilalamikiwa na wengi marekebisho huja haraka.

Pale dukani ile ekstensheni niliitoa kwenye kompyuta zote sita. Siku hizi tukifunga saa mbili usiku, aliye zamu anazungukia kila mashine, anaandika chrome://settings/help, kama kuna apdeti inayosubiri anaianzisha pale pale, anafungua ukurasa mmoja wa fomu anaandika jina lake humo aone herufi zinafuata vidole, ndipo anazima taa.